Maharage Yaliyopandwa Majini

Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliotifuliwa karibu na ukuta wa nyumba, huwa namkumbuka mama akiwa amelala, uso kaugeuzia ukutani. Nilikuwa mdogo, kule kwetu juu ya Nyololo, miaka ya hamsini. Baba alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu kusini. Tulikuwa tumemzika mdogo wangu kabla hajaanza kutambaa, na tangu siku hiyo mama hakushika jembe wala hakumaliza bakuli la uji. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilijua tusipopanda tutalala njaa, ila ugonjwa wa mama sikuujua, maana hakuwa na homa.

Asubuhi moja wakaja majirani na majembe yao, wakiongozwa na Shangazi Yuliana, dada yake baba. Hakuna aliyeingia kumpa mama pole. Walikwenda moja kwa moja shambani, wakaanza kupanda maharage bondeni, mahali panapotuama maji.

Nikamwambia, “Shangazi, hapo yanaoza.”

“Nenda kamuulize mama yako,” akanijibu, akaendelea kufukia.

Nilichanganyikiwa. Huyu ndiye aliyekuwa akituimbia kwamba jembe halimtupi mkulima, leo anatupa mbegu majini?

Nikaingia ndani nikamweleza mama. Akageuka. “Nani kawaambia wapande hapo?” Akajikokota nje, mkono ukutani.

“Wifi, nyumbani kwenu hamkufundishwa?”

“Hatukufundishwa,” alisema shangazi kwa upole. “Tuonyeshe.”

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Mmoja aliuma pindo la kanga yake, nami sikujua kama anacheka au analia. Mama akachukua jembe, akapanda mstari mmoja juu ya mteremko. Halafu akaketi juu ya tuta akalia kwa sauti. Nilitaka wamkimbilie. Hawakumkimbilia. Walilima taratibu kandokando yake, mpaka akanyamaza na kuomba maji ya kunywa.

Kwa miaka mingi niliamini shangazi yangu hakujua kilimo.

Nilipomzika mume wangu, nilikuwa mtu mzima mwenye shamba, nami nikaliacha jembe kama mama. Wanawake wa kijiji wakasimama mlangoni na majembe, wakaniuliza mbegu zangu ziko wapi. Mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya meko, mbele ya macho yao. Niliwatazama mmoja mmoja, nikaelewa, nikainuka kwenda kuwaonyesha.