Nyota Iliyopakwa Poda

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, kwa kuwa hakuna aliyeketi mbele ya kamera yake asiamriwe kutabasamu, hata mwenye jino linalomuuma. Alikuwa fundi picha, na si fundi wa kubahatisha. Ukiingia kwake na chunusi, unatoka huna. Bibi harusi mmoja alipoletewa picha zake aliuliza, "Huyu nani?" Tabasamu akalihesabu swali hilo kuwa sifa.

Kisha simu zikajua kupiga picha, kila mwenye kidole akawa fundi, na studio ikabakiwa na pazia na mende. Ndipo binti wa dada yake, mwalimu wa chuo, akamwita.

"Mjomba, kuna kamera imefungwa kwenye darubini, juu ya paa la maabara. Nataka mtu wa kunipigia nyota moja kila jioni mawingu yakiwa hayapo. Utaweza?"

"Nyota? Mimi nimepiga picha mapacha wa miaka miwili wakatulia! Nyota hata haina miguu."

Nyota yenyewe ilikuwa geugeu. Leo inawaka, kesho imenuna, kama mkwe aliyecheleweshewa chakula. Kuipima ilikuwa kazi ya programu kwenye kompyuta. Inachora duara dogo kuizunguka nyota, inajumlisha mwanga uliomo ndani, inatoa weupe wa anga la pembeni, halafu inailinganisha na nyota jirani ambayo haibadiliki. Jibu linakuwa nukta moja kwenye mchoro. Nukta zikiwa nyingi, unaona mlima na bonde. Basi! Wenzako wanakaa darasani miaka kwa jambo hilo, wewe umelipata umejinyoosha kwenye kiti.

Sasa, mpwa alikuwa amewaapia wakuu wa chuo kwamba mwezi huo nyota ingefifia. Wakiliona bonde, wangemwachia chumba cha darubini. Wasipoliona, chumba kingekuwa stoo ya viti vibovu. Asubuhi ya kikao na wakuu hao Tabasamu aliingia maabara akipiga mluzi, akamkuta mpwa wake kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hamna bonde, mjomba. Tazama mwenyewe. Mstari umenyooka kama rula. Chumba ndiyo kinakwenda hivyo."

Tabasamu akavaa miwani, akasogea kwenye kioo cha kompyuta. "Mbona picha zimetoka safi?"

"Ndiyo ajabu yenyewe. Kila siku nyota iko sawasawa na jirani yake."

"Lazima ziwe sawa! Kwenye picha za wiki hizi nyota yako ilitoka imenyong'onyea kama imelazwa wodini. Ningekuletea aibu ile? Nikaishika hiyo yako peke yake, nikaipandisha mwanga, ikalingana na mwenzake. Poda kidogo tu."

Mpwa akageuka taratibu, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Umeipaka nyota poda?"

"Kwani kuna mteja anayetaka kutoka amefifia?"

"Mjomba! Kufifia kwake ndicho kitu ninachokipima!"

Tabasamu akakiona akilini chumba kikijaa viti vya miguu mitatu. Alimwona dada yake kasimama mlangoni, mikono kiunoni, akimuuliza mwanawe alimkosea nini.

"Zile za mwanzo," mpwa akasema, "kabla hujazigusa. Usiniambie ulizifuta."

Hapo Tabasamu akatunisha kifua. "Nizifute? Fundi gani anafuta picha ya mteja? Akirudi kudai pua si yake, nitamwonyesha nini?"

Akachomoa diski kwenye mkoba wa kamera. Zote zilikuwamo kama zilivyozaliwa. Mpwa akailisha programu picha hizo, na duara likaanza kuruka kutoka picha hadi picha. Nukta ya kwanza ikakaa juu. Ya pili ikakaa usawa uleule, na Tabasamu akasogeza miwani puani. Ya tatu ikateleza. Nyingine zikaifuata, chini, chini zaidi, kisha zikaanza kupanda tena.

"Bonde," mpwa akanong'ona. Halafu akapiga ukelele hadi mlinzi akaja na fimbo kuuliza nyoka yuko wapi. Akamkumbatia mjomba wake huku akimtwanga ngumi mgongoni. "Utaniua kwa presha, wewe!"

"Nikuue, halafu nani ataniajiri?"

Kikao kilipokwisha, mpwa alitoka viatu mkononi, akaketi kando ya Tabasamu kwenye ngazi.

"Wametuachia chumba."

Wakapumua kama watu waliotua gunia.

"Jioni hakuna mawingu," mpwa akasema baadaye. "Utapanda?"

"Nitapanda."

"Na mikono?"

"Itakaa mfukoni."

"Na kamera utaibonyeza kwa kitu gani?"

Tabasamu akautazama mkono wake wa kulia. "Basi mmoja mfukoni."