Mkia wa Ardis

Mtu anayejiundia ndege nyumbani huanza na mkia. Kiwanda huuza mkia kwanza, kwenye boksi linalopita mlango wa jikoni, ili mnunuzi ajijue mapema kama ataweza. Ndiyo maana katika jimbo la Wisconsin, Marekani, nyumba nyingi zina mkia na hazina ndege. Verlyn Tostrud, dereva wa lori la maziwa, aliumaliza wake akauning'iniza sebuleni juu ya kochi, kusubiri pesa ya mabawa. Ulisubiri sana. Mkewe Ardis aliuzungushia taa kila Krismasi, na mgeni akiuliza, alijibu, "Huyo ni ng'ombe wetu. Tumeanza kumnunua kwa nyuma."

Waliuunda wawili, kwa kuwa ribiti za mkia ule, zile pini za kubana bati, hazikumkubali mtu mmoja. Verlyn alipiga kwa nyundo ya upepo upande wa nje, Ardis akakinza kwa kipande cha chuma upande wa ndani, mkono umezama hadi kwapani. Chuma kikimponyoka, ribiti ilikaa upande na bati likabonyea mfano wa tabasamu. Matabasamu ni mengi upande wa kushoto. "Hapo ulinichekesha," alikuwa akisema, hata mahali ambapo hakuna aliyecheka.

Kiwanda hakikuwasubiri. Toleo la pili lilikuja na pua ndefu, na pezi la mkia likarefushwa, maana pua ndefu inataka mkia wa kuitia adabu. La tatu likaja na injini nzito na usukani wa mkiani mpana zaidi, kwa sababu ule wa zamani ulichelewa kuitoa ndege inapoanza kuanguka huku inazunguka. Verlyn alinunua kadiri alivyojaliwa: kiwiliwili cha toleo la pili, injini ya la tatu. Matundu ya kufungia hayakubadilishwa, kwa hiyo vyote viliingiana, na hakuna kilichomwambia kwamba amekosea.

Ardis alifariki Februari, akizoa theluji mlangoni. Verlyn akaendelea kuunda. Watu walimsifu kwa kujikaza. Yeye hakuona amejikaza wapi, aliona tu kwamba kunakucha na banda la kuundia ndege lina joto. Aprili aliutoa mkia ukutani akaufunga kwenye ndege.

Jumamosi moja Orrin Lindvall, anayekagua ndege za wanachama wenzake wa klabu ya waunda ndege, alikuja na donati. Aliizunguka ndege, akasimama nyuma.

"Verlyn, mzee wangu, hii ndege ina kichwa cha mjukuu na makalio ya babu."

"Inaingiana."

"Hata kofia yangu inamwingia mbwa. Haijamfanya mkaguzi."

"Ardis ndiye aliyeukinza huo."

Orrin alitafuna taratibu. Alikuwa amekula samaki wa kukaanga wa Ardis Ijumaa nyingi. "Najua, kaka. Nayaona matabasamu yake hapa. Lakini kwa injini ile, ikianza kuzunguka na mkia huu, haitoki. Nikikwambia ruka, nakuzika."

"Sawa."

"Sawa nini? Nitukane basi."

"Sawa, nimesikia."

Mkia mpya wa toleo la tatu, aliouagiza, ulifika Mei. Matundu yalikuwa yametobolewa na mashine tayari, na ribiti zake ni za kuvuta kwa koleo: mtu mmoja, upande mmoja. Maelezo yalitangaza, kama habari njema, kwamba msaidizi hahitajiki. Verlyn alisoma hivyo kama mtu anavyosoma hali ya hewa ya mji mwingine. Kwa mazoea alikuwa amesogeza kigoda cha Ardis ng'ambo ya meza. Akaweka kahawa juu yake. Kazi ilikwisha upesi. Bati lilinyooka kote, halikucheka popote.

Juni akaruka. Alipotua, Orrin alikuwa ukingoni mwa uwanja.

"Vipi?"

"Imenyooka. Usukani unaitikia."

"Na wewe?"

Verlyn alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Huko sina kipimo."

Alirudi nyumbani na samaki wa kukaanga ndani ya boksi la karatasi. Ukutani, misumari miwili ilikuwa bado ipo, na kati yake karatasi ya ukuta haikuwa imepauka; ilibaki na umbo la mkia. Alikwenda bandani akauleta ule wa zamani, akautundika. Ulikaa palepale.

Kisha, kabla hajala, aliingiza mkono kupitia uwazi wa chini, upande wa kushoto. Miaka yote hiyo hakuwahi kuzigusa ribiti zile kwa ndani. Mkono ulikwama kwenye kiwiko. Ndiyo sababu kazi ile ilikuwa ya Ardis. Alizifikia tatu tu, zote zimelala upande. Akasimama hivyo, vidole juu yake, samaki akapoa.