Kijiji Kilichokuwa Ndani ya Kichuguu

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani na kurudi bila kuimwaga, niliamini kwamba kijiji chetu kilibeba kijiji kingine tumboni. Chetu kilionekana na kila mpita njia: nyumba ishirini na kitu za udongo, kando ya njia itokayo Likasi kwenda Koni. Cha pili hakikuonekana. Kilikuwa ndani ya kichuguu kikubwa nyuma ya mashamba ya mihogo, kichuguu kirefu kupita paa la nyumba, chenye miti iliyoota mgongoni mwake.

Aliyenionyesha ni bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Kambo, kama wajukuu wengi wa Katanga wanavyowaita bibi na babu zao. Kila mwaka, kabla ya mbegu kutiwa ardhini, alikwea hadi kileleni na kunyunyiza kiganja cha unga wa muhogo.

“Mule ndani iko mugini,” aliniambia. “Iko na manyumba, iko na njia. Tukitwanga, nabo banatwanga. Weka sikio.”

Niliweka sikio. Hadi leo siwezi kusema nilisikia nini, lakini nilisikia.

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, huniletea siku hizi sura za riwaya anazoziandika, mfululizo mzima wa hadithi za vijiji vyenye uchawi uliofichika. Nazisoma kwa furaha, kalamu mkononi. Nikifika mahali uchawi unapojitokeza kwa miale na ngurumo, husita kidogo. Wa kwetu haukujitokeza. Ulikaa mahali pake, kati ya shamba na choo cha jirani, na watu waliupita wakiwa na majembe begani. Na Kambo mwenyewe angelikataa neno hilo. Kwake uchawi ulikuwa kuua. Unga ule ulikuwa adabu.

Baba yangu alikuwa katekista. Kanisa letu la nyasi lilikuwa likivuja, naye alikuwa ameazimia kujenga la matofali ya kuchoma. Kila fundi wa nchi yetu anajua kwamba udongo wa kichuguu hutoa tofali gumu kuliko udongo mwingine. Vichuguu viwili vidogo vilikuwa vimekwisha kutumika, ukuta wa nyuma ulikuwa haujafika kifuani, na mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika. Ndipo baba alipokitazama kile kikubwa.

Kambo na mwanawe hawakugombana. Asubuhi ya kuchimba, Kambo aliniita nilipokuwa nikijitwika bukari, ugali wa watu wa kazi.

“Ambia baba yako: simukatazi. Nyumba ya Mungu ni nyumba. Lakini hakuna muntu anaingiaka kwa mwenzake kwa kuvunja ukuta. Aanzie ku kichwa, kule juu, paa itoke kwanza. Kiisha ashuke pole pole. Akianzia ku miguu, bale ba ndani batamuvuta.”

Hakutaka kwenda mwenyewe, asije akaonekana anamwamuru katekista mbele ya watu wake. Alinituma mimi, mtu mdogo asiyeweza kumwaibisha yeyote.

Niliwakuta wanaume watano. Udongo wa chini ni laini, nao walikuwa wamekwisha kuchimba shimo kwenye tako la kichuguu, la kumtosha mtu aliyeinama. Mmoja wao, Kapya, kijana aliyependa maneno, alinichungulia kapuni.

“Katekista, chakula imefika. Lakini muangalie vizuri kama Kambo hakumwangia unga yake juu. Miye sitaki kuamuka kesho niko muchwa.”

Wakacheka. Baba naye alicheka, kidogo, kwa heshima ya mzaha, kisha akanigeukia.

“Kambo banasema nini?”

Wote wakanitazama. Juma lile nilikuwa nimesifiwa katika mafundisho kwa kujibu maswali yote, likiwemo lile la mambo ya kale tuliyoyakataa kwa ubatizo. Nilimwonea baba haya, nikajionea haya na mimi.

“Banasema mukule, bukari ikingali ya moto.”

Baba alisema atamalizia kwanza kutoa udongo alioulegeza. Akainama, akaingia.

Sikuwa nimefika kwenye mihogo niliposikia. Haikuwa ngurumo, ilikuwa kama mtu mzito anayeketi chini kwa kuchoka. Nilipogeuka, kichuguu kilikuwa kifupi.

Walimfukua kwa mikono, Kapya akilia na kuchimba. Alitoka hai, lakini paja lake lilikuwa limevunjika vibaya, na tangu siku ile hadi kufa kwake hakutembea bila fimbo.

Majuma kadhaa baadaye baba alikuwa ameketi uani na Kambo, mguu umefungwa vijiti, na mimi nilikuwa nikimenya karanga karibu yao. Aliuliza bila hasira.

“Mama, mulijua ile udongo. Juu ya nini hamukuniambia?”

Kambo alinitazama, si kwa muda mrefu, kama mtu anavyotupia jicho chungu kilicho motoni.

“Nilisahau, mwana. Ni uzee.”

Baba akaamini. Kanisa likamalizika kwa udongo uleule ulioanguka, na ni matofali mazuri. Lakini neno lile lilitoka uani likazunguka kijiji: Kambo anasahau. Wanawake waliokuwa wakija kumuuliza siku ya kupanda wakaanza kupita mlango wake bila kusimama. Akisema barazani, vijana walitabasamu. Yeye aliyejua makaburi yote ya ukoo, hata yasiyo na alama, alisahihishwa na watu waliozaliwa juzi, naye aliitikia, “Pengine.” Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila siku ya miaka hiyo ningaliweza kulirudisha jina lake kwa sentensi moja, na sikuisema. Alizikwa kwa heshima apewayo bikizee mwema, si ile apewayo mtu anayejua.

Baadaye nilikuwa mwalimu, na kwa muda mrefu nilifundisha amri za Mungu katika shule moja ya Shituru. Wanafunzi waliniuliza mara nyingi kama upo uongo usio dhambi. Niliwajibu kama vitabu vinavyojibu. Nafsi yangu sijaijibu. Ninalolijua ni kwamba Kambo alikuwa na mali moja tu, kuaminiwa, akaitoa kwa ajili yangu huku mikono yangu ikiwa na maganda ya karanga. Nami niliipokea kama watoto wanavyopokea chakula, bila kuuliza nani atalala na njaa.