Ukuta wa Akina Mama

Papa Marcellin alikuwa mpakaji rangi, na kama ulitaka kumkasirisha ungemwita hivyo mbele ya watu. "Miye niko artiste!" angekujibu, suruali yake ikiwa na madoa ya rangi ya nyumba zote za Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Alichora majogoo kwenye milango ya baa na makasi kwenye kuta za vinyozi. Mara moja alichora simba mbele ya duka la mikate, simba mwenye uso mpole mno hata watoto wakawa wanamwachia makombo. Tulimcheka sana kwa simba yule. Lakini hakuna aliyepeleka kazi kwa mtu mwingine.

Serikalini hakuwa Marcellin tena. Miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa, kwa hiyo ofisini alikuwa citoyen, yaani raia, Cirimwami, na mkewe Godelive alikuwa citoyenne Nabintu. Sisi majirani hatukuwa na nguvu ya kujifunza watu upya. Mimi mwenyewe naitwa Colombe, na jina langu lile jingine hata nikiitwa nilikuwa napita tu kama halinihusu.

Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya akiwa kijana, katika ukumbi wa Baraza la zamani. Pale, siku za uhuru, wajumbe wa mkoa walikuwa wakibishania sheria. Baadaye Baraza lilifungwa, wajumbe wakaenda zao, ukumbi ukabaki na viti vyake, dari yake ya mbao nyekundu na madirisha marefu yanayotazama ziwa. Nyuma ya kiti cha mwenyekiti kulikuwa na picha iliyojaza ukuta mzima. Mwalimu wa Marcellin ndiye aliyepewa kuichora, ila mzee huyo alijua milima na maji tu. Kila mtu aliyemchora alitoka kama chupa. Akamwachia Marcellin watu.

Marcellin akachora akina mama wakiteremka sokoni na mizigo yao kichwani na mgongoni. Hakubuni sura hata moja. Aliyebeba maharage ni mama yake Martine, jirani yetu. Aliyebeba ndizi ni bibi yangu mimi, na miguu yake minene vilevile. Wa mwisho kabisa, karibu na mlango wa pembeni, ni mama yake mwenyewe Marcellin, mama wa Nyantende, na kiko chake mdomoni.

Halafu ikaja vita ya mercenaires, wale askari wazungu wa kukodiwa. Mji mzima tulikimbia, wengine Nyantende, wengine Miti, na tuliporudi tulikuta nyumba zimepekuliwa mpaka mafiga. Picha za harusi, za komunio, za marehemu, zote zilikwenda na upepo. Mama yake Marcellin alifariki hukohuko tulikokimbilia. Basi sura yake ikabaki mahali pamoja tu duniani, pale ukutani, na si yeye peke yake. Ukitaka kumwona mama yako, ulikwenda kumsalimia Papa Ignace, mlinzi wa ukumbi, akakufungulia.

Sasa sikia. Habari zikaja kwamba wajumbe wa Baraza la kutunga sheria la taifa watatoka Kinshasa kututembelea, na watapokelewa mulemule. Wakubwa fulani wa kwetu wakaingia kukagua ukumbi. Wakaona vikapu, wakaona miguu mitupu na kiko, wakaona haya. Wakaamuru ukuta wote upakwe kijani, rangi ya chama, na kazi apewe fundi mzuri kuliko wote mjini. Ndiyo, Marcellin.

Alirudi nyumbani amekunjamana. Godelive alikuwa uani akikoroga uji, mimi nikimchambulia mboga.

"Balisema nipake juu ya mama," alisema. "Na nikikatala, batatafuta mwengine, naye atapaka."

"Donc, weye njo utapaka," alisema Godelive bila kuinua kichwa. "Lakini utapaka vizuri."

"Vizuri namna gani?"

Godelive alinyanyua mwiko, uji ukaning'inia. "Kole ya muhogo. Unabandika makaratasi, unapaka rangi juu ya makaratasi. Bakisha kuenda, unabandua. Mama atakuwa amelala tu."

Nilicheka mpaka mboga zikamwagika. Kwetu kila mtu alijua gundi ile ya unga wa muhogo; matangazo yote ya mji yalishikwa nayo. Basi tukaosha mifuko mitupu ya saruji, karatasi zake ngumu tukazianika, Godelive akapika gundi kwenye sufuria kubwa. Aliipika nyepesi makusudi, ibanduke kwa urahisi. Papa Ignace alipouliza karatasi za nini, Marcellin alimwambia kwamba ukuta una unyevu. Ignace akatazama gundi, akatazama akina mama, akasema, "Miye sikuona kitu," akaenda kufagia mahali palipokuwa safi.

Kosa alilifanya Marcellin peke yake, na alilifanya kwa mapenzi. Mama yake alikuwa karibu na mlango wa pembeni, na pale ndipo sisi wa animation, wacheza ngoma wa chama, tungepanga mstari tukingoja kuingia. Alijua tutaegemea. Alijua Martine ana vidole visivyotulia. Akaogopa karatasi ichanwe, mama yake aumie. Kwa hiyo kipande kile kimoja hakukibandika kwa gundi ya mkewe. Alikibandika kwa gundi ya seremala, ile inayoshika kabati. Godelive hakuambiwa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha ile ya Bukavu, isiyouliza mtu ruhusa. Madirisha yakafungwa. Ukumbi ukajaa watu wenye nguo mbichi, nasi tukaingia na vitenge vyetu vya kijani, Godelive akiongoza, tukacheza na kupiga miguu mpaka vioo vikatoa jasho. Wageni walikaa mbele, mgongo wao ukutani. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akasimama kuhutubia.

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Niliona kona moja ya ukuta ikilegea, ikajikunja kama jani la ndizi juu ya moto. Halafu karatasi nzima ikateremka polepole, bila kelele. Nyuma ya mgeni, juu kidogo ya kichwa chake, bibi yangu akatokea na ndizi zake.

Nilibana midomo. Karatasi ya pili ikafuata, na ya tatu. Mgeni alikuwa akisema juu ya umoja wa taifa, na kila alipoinua mkono mama mmoja aliingia. Wakubwa wetu wakawa rangi ya majivu. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imefika mwisho mbele ya macho ya watu wote. Ndipo Martine akamwona aliyebeba maharage.

"Mama!" alilia kwa sauti kubwa. "Mama yangu, uko hapo?"

Mgeni akageuka. Nilimtazama Marcellin kando ya mlango. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, nami nikaogopa kwa ajili yake, kwani siku zile mtu alifungwa kwa mzaha mdogo kuliko huo.

Godelive akatoka mstarini. Akapiga goti kidogo, kama mwanamke wa kabila letu la Kishi anavyomsalimu mgeni, akasema: "Citoyen mujumbe, huku kwetu mugeni hakaribishwi na batoto peke yao. Tulingoja ukae, useme, njo bamama bakuye kukusalimia. Sasa bamekuya."

Akaanza wimbo papo hapo, akimwita kila mama wa ukutani kwa jina lake, na watu waliomjua wakaitikia. Ukumbi ulitetemeka. Mgeni alisimama akitazama ukuta kwa muda mrefu. Kisha akamwonyesha bibi yangu.

"Huyu ni mama mkwe wangu kabisa," alisema. "Hata miguu!"

Akacheka mpaka akaketi. Wakubwa wetu walipoona anacheka, walicheka zaidi yake, na mmoja wao akaeleza kwamba wazo hilo lilikuwa lake tangu mwanzo. Mgeni alisema ukuta ubaki hivyo, na neno la mkubwa wa Kinshasa halikuhitaji kurudiwa.

Watu wakamiminika mbele kuwaona wazazi wao. Walilia, wakacheka, wakabishana nani alikuwa mzuri. Ni Marcellin tu aliyebaki mbele ya kipande cha kijani kando ya mlango. Karatasi zote zilikuwa zimeanguka, isipokuwa ile.

Wageni walipoondoka alijaribu maji ya moto, akajaribu kitambaa. Ilipobanduka, ilibanduka yote kwa mara moja. Ukutani pakabaki plasta nyeupe. Uso wa mama yake ulikuwa umetoka pamoja na karatasi, umeshikana nayo, umegeuka upande kama kwenye kioo. Marcellin aliketi chini akalia kama mtoto, na sikuona mtu aliyemcheka.

Aliibeba karatasi ile nyumbani kama anayebeba mayai, akaitundika juu ya meza. Alianza kupoa. Tulikwenda kumsalimia mama, tukanywa chai. Marcellin alisema sasa hakuna atakayemwegemea tena, sasa mama ni wake, yuko nyumbani. Godelive alimwacha aseme. Ila jioni moja, akipakua bugali, alimwambia:

"Mama yako hakuendaka soko peke yake hata siku moja. Na bale bengine biko banamungoja pale."

Marcellin alikula. Kesho yake akaomba ufunguo kwa Papa Ignace.

Alipaka ile plasta nyeupe gundi mpya, akaulaza uso wa mama yake mahali pake, akauacha ushike vizuri. Kisha, kwa maji vuguvugu na kidole kimoja, akaanza kuisugua karatasi ya mfuko wa saruji kwa juu, ikitoka vipande vidogo kama ukoko wa sufuria. Tulisimama nyuma yake bila kupumua. Likatokea sikio, kikatokea kiko, yakatokea macho, na sasa alikuwa ameelekea tena upande wake wa zamani, pamoja na wenzake. Lakini katikati ya paji la uso palikuwa na ufa, umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Marcellin alichukua brashi kuuziba. Godelive akamshika mkono.

"Acha. Njo sasa anafanana yeye," alisema. "Zamani ulimuchora kama hajakukasirikia hata siku moja."

Marcellin alimtazama mama yake kwa muda. Akacheka, akaosha brashi. Tangu siku ile, Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wengine walipokwenda kufyeka majani ya barabara, sisi wa mtaa wetu tulikwenda kupangusa ule ukuta kwa vitambaa vikavu. Marcellin alisimama mlangoni, na ole wake aliyeegemea.

"Toka hapo!" angepiga kelele. "Hauone amekasirika?"