Lemanuao Hayumo Kwenye Pasipoti

Fuatino hakuwa mtu wa kushtukizwa na safari. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja, na mtu aliyezoea kuwapanga watoto arobaini kwenda chooni kwa zamu hashindwi na uwanja wa ndege. Wiki tatu kabla mumewe hajaondoka kisiwani kwao, Apia, kwenda Auckland ng'ambo, alikwishaanza. Begi lilipimwa mara nne kwenye mizani ya duka la jirani. Dawa za presha zikafungwa pamoja na barua ya daktari. Mawifi walipoleta magimbi mabichi yapelekwe kwa ndugu, aliyarudisha palepale. "Mnataka kaka yenu azuiwe forodhani? Yapikeni, au myale wenyewe!" Wakanuna. Potelea mbali.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Salome, dada mkubwa wa mumewe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa amelazwa Auckland, na madaktari walisema wiki hii haimalizi. Ndege ilikuwa ya Alhamisi hii. Iliyofuata ni ya Jumatatu.

Basi wakafika kaunta saa tatu nzima kabla ya ndege, nyuma yao nusu ya kijiji imekuja kumuaga mzee. Msichana wa kaunta akaangalia pasipoti, akaangalia tiketi, akarudi kwenye pasipoti.

"Mzee wangu, tiketi imeandikwa Lemanuao Faalili. Pasipoti inasema Peni Faalili."

"Lemanuao ndiye mimi," mzee akajibu, kifua mbele.

Fuatino akainyakua tiketi. Mwaka jana ukoo ulimtawaza mumewe uchifu, akapewa jina la Lemanuao, na tangu siku hiyo hakuna kijijini aliyethubutu kumwita Peni. Mtoto wao Iosua, aliyekata tiketi huko Auckland, kwa kumwonea fahari babake akaandika jina la heshima. Na yeye Fuatino, mwalimu mzima, ameisoma tiketi hiyo mara ishirini na asione kosa! Alitamani kujizaba kibao.

Msichana, Mungu ambariki, akapiga simu ofisi kuu. Wakasubirishwa na muziki, wakasubirishwa tena, saa mbili zikayeyuka. Hatimaye akamnyooshea mzee simu. "Watarekebisha sasa hivi. Ila useme mwenyewe jina lako lililo kwenye pasipoti."

Mzee akakohoa kidogo. "Lemanuao Faalili."

"Siyo hilo, mzee."

"Ndilo nililonalo."

"Baba Iosua," Fuatino akasema huku meno yamebana, "sema Peni."

"Mbele ya watu hawa? Jina la utoto? Wazee walikunywa kava ya kunitawaza siku ile, wakalizika."

"Basi lifukue!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kabisa. Mzee akakaza shingo, akarudia "Lemanuao" kwa sauti ya juu zaidi, utadhani aliyeko upande wa pili ni kiziwi. Msichana akatazama saa. Kaunta ilikuwa inafungwa baada ya dakika kumi.

Fuatino akalipuka. "Wiki tatu sijalala! Nimegombana na dada zako, nimepima begi mpaka mwenye duka ananikimbia! Salome yuko kitandani anauliza mdogo wake yuko wapi, na wewe umesimama hapa unalinda cheo! Unadhani anamjua Lemanuao? Alimwogesha nani kwenye beseni, mheshimiwa?"

Mzee akaangalia viatu vyake, kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Peni," alisema. "Peni Faalili. Ndiyo. Peni." Safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho yake jioni mzee akapiga simu kutoka hospitali. Fuatino alikuwa bado na hasira na maneno mawili matatu aliyomwekea, lakini kwanza akauliza kama amemkuta.

"Nimemkuta. Wanasema tangu jana usiku hatambui mtu, hata wanawe. Nimemshika mkono, akafumbua macho."

"Akasema nini?"

Fuatino akamsikia akipenga kamasi.

"Ameniuliza, 'Peni, umekula?'"