Theluji ya Ruwenzori na Kesi ya Mama Masika

Niliondoka Butembo kwa sababu ya Mama Masika, dada mkubwa wa mama yangu, mjane aliyeishi mtaa wa Mususa. Mwaka ule wa vita, baridi yetu ya asubuhi ilipotea. Viazi vilioza udongoni, mbu wakaingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na chandarua. Masika alionekana akisema peke yake shambani, basi majirani wakasema ndiye aliyeita joto. Walimpa mpaka Jumapili ahame. Niliwaomba waningoje nimuulize Paluku, mwalimu wa jiografia huko Beni, niliyesoma naye.

Jumatano asubuhi nilishika njia kwa miguu, maana magari yalikuwa yameacha kupita. Karibu na Maboya nilikuta milango wazi na nyumba bila watu. Hewa ilikuwa imesimama. Hata ndege sikumsikia. Nilihisi kama mtu ananipumulia shingoni; niligeuka mara tatu, nikaona barabara tupu.

Nilipofika Kabasha, askari aliyevua shati alinisimamisha.

“Unatoka wapi?”

“Butembo.”

“Kule pia ni moto?”

“Ni moto.”

Alinirudishia kitambulisho bila kukifungua. “Sasa baridi ilienda wapi?” aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayengoja jibu kweli.

Alhamisi adhuhuri nilifika Beni. Paluku alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Lala kwanza. Kesho asubuhi nitakuonesha kitu.”

Ijumaa, jua lilipochomoza, mawingu yalifunguka na Ruwenzori ikatokea.

“Unaona ile neige?”

“Naona theluji kidogo tu.”

“Wakati tulikuwa batoto ilishuka mpaka kwa ile bega. Sasa iko inarudi juu.”

Mwamba uliobaki wazi ulikuwa mweusi.

“Nani anafanya ile?”

“Moshi ya mashini na ya magari ya dunia yote inafunga joto huku chini. Na pori yetu tunaikata. Lakini joto ya mwaka huu moja, siwezi kuapa inatoka wapi. Najua tu hapana mama moja wa Mususa anaweza kuyeyusha ule mulima.”

Nilirudi Butembo, na Jumapili, baada ya misa, niliwaeleza majirani hayo yote. Kisha Kavira, aliyezika mtoto kwa malaria mwezi uliopita, akauliza, “Kama hapana Masika, tutafukuza nani?”

Waliondoka mmoja mmoja, na Masika akabaki kwake.

Nilimkuta amekaa jikoni, majivu yamepoa, sufuria zimefunikwa.

“Hupiki, mama?”

“Nilizimisha moto tangu ulienda. Nilitaka kuona kama joto itapunguka.” Alinishika mkono. “Uko na hakika hapana miye?”

“Niko na hakika, mama.”

Nilikuwa nimetembea mpaka Beni kuwatafutia majirani jibu. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyelihitaji zaidi.