Fundi Hulda na Chipu Isiyotaka Feni

Watu wa Garsen walimjua Hulda kwa redio. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka stendi, ukuta wa mbao na paa la bati, na ndani redio zilizofunguliwa zilijipanga mpaka dirishani. Alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Ngao, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Ufundi aliupata katika karakana ya misheni, msichana pekee kati ya wavulana kumi na wawili. Wafugaji waliokuja mjini siku ya soko walimwachia redio zao asubuhi, wakazifuata jioni zikiwa zinasema. Mimi pia nilimjua kwa hilo tu, mpaka ilipozimika kompyuta ya ofisi yetu.

Jina langu ni Gumato. Mwaka wa tisini na nane nilikuwa karani wa chama cha wafugaji, na kazi yangu ilikuwa orodha: ng'ombe huyu wa nani, ana alama gani, amechanjwa nini, lini. Baada ya mafuriko ya Elnino magonjwa ya mifugo yalituandama, na daktari wa mifugo alitaka orodha mpya kila wiki. Nilipiga taipureta mpaka vidole vikafa ganzi. Ng'ombe watatu wakiuzwa, ukurasa mzima naanza upya. Wafadhili walipotupa kompyuta nilicheka peke yangu njiani kutoka ofisini hadi nyumbani.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Ofisi haikuwa na umeme, kwa hiyo tuliwasha jenereta iliyopiga kelele hata mtu akikusalimu humsikii. Petroli ilitoka Malindi, na barabara ikikatika ilikuwa haitoki. Hata jenereta ikiwaka, ikifika saa tano, bati la paa limepata moto, feni ndani ya kompyuta inalia kama nyuki, halafu kioo kinakuwa cheusi na kazi yangu yote imepotea.

Mwenyekiti wetu, Mzee Hirbo, alikuwa Muorma aliyezaliwa na kukulia malishoni. Aliiwekea mkono juu akautoa haraka. "Hii kitu iko na homa," akasema. "Ita yule mama ya redio."

Hulda alikuja na bisibisi mbili na kitambaa. Aliifungua, akaikagua, kisha akanionyesha kipande cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiganja, chini ya feni. "Huu ndio ubongo wake," alisema. "Chipu hii inafikiri upesi sana, na kwa sababu hiyo inakula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Kompyuta yako haijaharibika, Gumato. Imetengenezwa kwa watu wenye chumba baridi na umeme ukutani."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Nimesema hiyo haiwezekani. Sijasema kompyuta zote."

Binamu yake, Kabibi, alikuwa mfagiaji katika duka la kompyuta Mombasa, na kila mwezi alimtumia magazeti ya kompyuta yaliyokuwa yatupwe. Hulda alikuwa akiyasoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Siku mbili baadaye alinijia ofisini mbio, kanga imemshuka begani, akaliweka gazeti juu ya taipureta yangu. Lilikuwa na habari fupi, chini kabisa pembeni. Kampuni changa iitwayo Velisa, yenye wahandisi wachache ng'ambo, ilikuwa imeanza kutengeneza chipu ya bei ya chini. Wakubwa wa biashara hiyo walikuwa wakiicheka. Gazeti lenyewe liliicheka: chipu ya polepole, ya maskini.

"Soma hapa," Hulda akasema, kidole juu ya mstari. "Wanasema haihitaji feni. Wao wameandika kama kasoro!"

Palikuwa na anwani ya wakala Nairobi. Tuliandika barua siku ileile, mimi nikiipiga, yeye akinitajia. Hakuuliza bei. Aliuliza inakula wati ngapi, inapata joto kiasi gani ndani ya nyumba ya bati, na je, inaingia katika soketi ileile inayopachikwa chipu yetu ya kampuni kubwa.

Jibu halikuja kwa posta. Wiki ya tano kijana mmoja Msomali, shati jeupe limegeuka rangi ya vumbi, alishuka kwenye basi akauliza kibanda cha fundi Hulda. Alikuwa Sadik Olow, wakala mwenyewe. Kifuani alikumbatia mkebe wa biskuti, na ndani yake, juu ya sponji, mlikuwa na chipu tatu.

"Mama," alisema kabla hata hajaketi, "nimezunguka maduka thelathini na mawili Nairobi. Kila mmoja ananiuliza, ina jina gani, mteja ataijua? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza inakula umeme kiasi gani. Nilipopata barua yako niliisoma nimesimama."

"Karibu maji kwanza," Hulda akamwambia. Alipomaliza kunywa akaongeza: "Haya. Inakula kiasi gani?"

Walikaa pale siku tatu. Sadik alilala kwa shangazi yake mwenye duka la nguo, na alfajiri alikuwa mlangoni mwa kibanda. Hulda alikuwa na wazo ambalo hata wakala hakulifikiria: chipu yenye kula kidogo haina maana kama kioo kinakula umeme mwingi. Kwa hiyo alitafuta televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, zile zinazotumia betri ya gari, na kadi ya zamani ya kompyuta, ile bodi ya kupachikia chipu, inayoweza kutoa picha kwa televisheni. Akaunda kisanduku cha kuleta umeme wa betri moja kwa moja, bila kupitia jenereta. Moshi wa risasi ya kulehemu ulijaa kibanda. Mara mbili kitu kilipasuka, mara moja kikaunguza nyusi za Sadik.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, kioo kilitoa mwanga hafifu, kisha herufi moja moja, kubwa kama za ubao wa darasani. Hakuna feni iliyolia. Tulisikia mbuzi nje. Hulda aliweka kidole juu ya chipu, akakiacha pale, akahesabu mpaka mia. Halafu akatugeukia, uso wake wote unacheka, akasema kwa Kipokomo neno ambalo sikulielewa na sikuhitaji kulielewa.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Chama kilikuwa kimepata fedha za kununua kompyuta nne zaidi za vituo vya chanjo, vikiwemo vya Ndera na Ozi. Bwana Shekuwe, mwenye duka la kompyuta Malindi, mtu muungwana mwenye sauti ya pwani, alikuwa ameshaleta karatasi zake za bei, za kompyuta mpya kabisa zenye chipu ya ile kampuni kubwa. Hulda naye akaleta karatasi yake moja iliyoandikwa kwa mkono. Bei yake haikufika nusu ya ile. Kamati ikababaika. Kitu rahisi namna hii, kimetoka kwa kampuni isiyojulikana na fundi wa redio, kitakuwa kizima kweli?

Mzee Hirbo akakata shauri. "Wote leteni. Jumamosi. Kila mtu betri moja ya lori, sawa sawa. Sisi tunaangalia."

Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa joto ambao Garsen hata mbwa hawabweki mchana. Saa mbili asubuhi ofisi ilikuwa imejaa na madirisha yamezibwa na vichwa. Bwana Shekuwe aliweka mashine yake na kifaa cha kugeuza umeme wa betri, kioo cha rangi, nzuri kweli. Ile ya Hulda ilikuwa ndani ya sanduku la bati lililokuwa la chai, na televisheni yenye antena moja juu yake. Watu walicheka. Sadik alikuwa akifuta jasho viganjani kwa suruali.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuendesha jaribio. Kwanza niliziamuru zote zipange ng'ombe elfu nne kwa majina ya wenyewe. Ya Bwana Shekuwe ilimaliza kabla sijakaa vizuri. Ya Hulda ilifikiri, ikafikiri, na vicheko vikapanda. Zilipita dakika sita.

"Dada, hii yako imelala?" Bwana Shekuwe akamtania.

"Haijalala," Hulda akajibu. "Inajipima. Siku haijaisha."

Tukaendelea. Nikaingiza majina, nikapanga, nikatafuta, nikaanza tena. Saa tatu, saa nne, saa tano. Feni ya mashine kubwa ilianza kulia. Saa sita kasorobo kioo chake cha rangi kilifinyika, kikawa nukta moja nyeupe katikati, kikazimika. Betri yake ilikuwa imekwisha. Televisheni ya Hulda ilikuwa bado inaonyesha ng'ombe wa ukoo mmoja wa Ndera, kimya, kama haina habari.

Vichwa vya madirishani vilipiga kelele. Lakini Bwana Shekuwe aliinua mkono, na alikuwa na haki. "Hiyo ni televisheni yake inayokula kidogo, wala si chipu. Kama ni chipu, basi tujaribu. Tia chipu ya kampuni kubwa ndani ya hilo sanduku la chai, tuone."

Sadik akageuka rangi. Mashine ilikuwa inashinda, na huyu mtu anataka ifunguliwe katikati ya ushindi! Akaanza kusema sheria zilikuwa nyingine. Hulda akamshika mkono.

"Ana haki," akasema. "Hata mimi nataka kujua."

Akazima mashine yake mwenyewe mbele ya watu. Akaichukua kompyuta ya zamani ya ofisi, ile yenye homa, akang'oa chipu yake na kipoza joto chake. Aliing'oa ya Velisa, akaiweka kwenye kiganja changu. "Shika. Ukiiangusha tutalia wote." Akatia ile ya kampuni kubwa, kwa maana soketi ilikuwa ileile, akahamisha vipini vidogo vya kurekebisha umeme kama mchoro wa bodi ulivyoelekeza, akawasha.

Iliwaka! Herufi zikaja, na kwa haraka kuliko zilivyokuja mwanzo. Ng'ombe elfu nne kwa dakika mbili na ushee. Bwana Shekuwe akatabasamu, akanyoosha kanzu. Sadik akaketi chini sakafuni.

Hulda alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Dakika kumi na tano, na harufu ya vumbi la kuungua ikaanza kutoka ndani ya sanduku. Dakika ya ishirini na mbili herufi zilisimama. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, hakuna. Bwana Shekuwe mwenyewe aliinama akagusa kipoza joto, akauvuta mkono akaupuliza.

Hulda alisubiri kipoe, akairudisha chipu ndogo, akawasha. Iliendelea kufanya kazi tulipokwenda kuswali adhuhuri, tuliporudi, alasiri ilipopita, na jua lilipozama ilikuwa bado inawaka kwa betri ileile ya asubuhi.

Kabla kamati haijaamua, Hulda aliomba kusema. "Msinunue bila kujua. Hesabu zenye nukta za desimali inachelewa sana. Michezo na picha za rangi haiwezi. Mkitaka hayo, kwa Bwana Shekuwe mtayapata mazuri."

Mzee Hirbo alisimama kwa fimbo yake. "Mimi sijui kompyuta, mimi najua ng'ombe. Ile ya mbio nimeona. Ile ya kukaa kwa jua pia nimeona. Sisi tunakaa kwa jua." Akaketi. Mambo yakaisha hapo.

Hulda alitengeneza zote nne kwa mikono yake. Bwana Shekuwe, na hili wengi hawalijui, alirudi baada ya wiki moja kununua chipu kumi kwa Sadik, akaziuza Lamu na Malindi kwa shule zenye sola. Sadik aliacha kubeba mkebe wa biskuti, akapata ofisi yenye mlango.

Haikudumu. Mwisho wa mwaka wa tisini na tisa Sadik alipiga simu posta ya Garsen, nikaenda na Hulda kuipokea. Kampuni kubwa ilikuwa imetoa chipu yake ya bei ya chini, Velisa imeshindwa, imeuzwa. Nilikuwa nimesimama karibu na nikamsikia Sadik akilia.

"Sadik," Hulda alimwuliza, "hiyo yao mpya ni bei gani?"

Akamtajia.

"Na mwaka jana ya kwao ilikuwa bei gani?" Akamtajia. Hulda akacheka kwa sauti mpaka karani wa posta akainua kichwa. "Mwanangu, tumewashusha! Kampuni nzima hiyo kubwa imeshuka bei kwa ajili yenu. Sasa niambie, ghalani zimebaki ngapi?"

Zilikuwa arobaini na moja. Alizichukua zote, na nilipoacha ukarani nikaenda kufanya kazi naye. Ya kwanza tuliyoifunga pamoja ilikuwa ya zahanati ya kijiji kimoja jirani na Kipini. Muuguzi alibonyeza vitufe, akaliona jina la mtoto aliyezaliwa mikononi mwake asubuhi ile likijitokeza kwenye kioo, akatoka nje mbio kwenda kumwita mama yake mtoto aje aone.